Jinsi ya kulisoma jumba la Manoir d'Ango (usikose mnara wa njiwa)

Watu wakifika Ufaransa wanakimbilia makasri ya bonde la mto Loire, sawa, ni mazuri, ila ukiniuliza mimi ntakwambia nenda kaone jumba la Manoir d'Ango, lipo Varengeville-sur-Mer kule Normandy, kama kilomita 8 hivi magharibi ya Dieppe. Kutoka Paris unapanda treni kituo cha Saint-Lazare, unabadilisha Rouen, unashuka Dieppe. Angalia kwanza kama wamefungua, maana ni mali ya mtu binafsi na hawafungui mwaka mzima.

Manoir sio kasri. Ni nyumba ya mwinyi anayekaa hapo hapo na shamba lake, yaani maghala, mazizi na makazi vyote vimezunguka ua mmoja.

Kabla hujaenda, mjue mwenyewe. Jehan Ango alikuwa tajiri wa meli wa Dieppe, na nahodha wake Jean Fleury ndo aliyeziteka meli za Wahispania zilizobeba hazina ya Cortés, yule Mhispania aliyeiteka Mexico, kutoka huko Mexico. Mwaka 1529 meli zake mbili, chini ya ndugu wawili Parmentier, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema zikaingia hii bahari yetu ya Hindi mpaka Sumatra, na ndugu wote wawili wakafia huko. Kwa hiyo ukiona jumba limejengwa kati ya 1530 na 1545 na hela inaonekana kila pembe, ujue ilitoka baharini.

Ukifika usiingie haraka. Zunguka nje kwanza, kuta kavu, madirisha machache, kama halitaki mgeni. Halafu ingia uani, mapambo yote yanakutazama wewe uliye ndani. Aliyewahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu ataelewa hapo hapo. Tafuta baraza lenye matao, hilo ni la mtindo wa Kitaliano, wakati wa mfalme François I kila mwenye uwezo Ufaransa alitaka kitu cha Italia.

Sasa mnara wa njiwa, katikati ya ua, wa duara, kuba lake juu limevimba kama kitunguu. Hapa kaa hata nusu saa. Angalia ukuta wake: matofali mekundu, jiwe la gumegume jeusi na jiwe la rangi ya mchanga, vimepangwa mistari na miraba kama mkeka uliosukwa, na kila mkanda una mchoro wake. Ndani kuna vishimo kama 1,600, kila kimoja cha njiwa dume na jike. Nyama ilikuwa ya mezani, kinyesi kilikuwa mbolea ya thamani, lakini kikubwa zaidi ni heshima, maana kujenga mnara kama huu ilikuwa haki ya mabwana wa ardhi tu, mkulima wa kawaida hakuruhusiwa, na njiwa hao hao walikuwa wanashuka kula mbegu zake alizopanda na hana ruhusa ya kuwagusa. Haki hiyo ilifutwa usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, wiki tatu tu baada ya gereza la Bastille kuanguka kwenye mapinduzi ya Ufaransa, na mimi nikiutazama ule mnara na uzuri wake wote siwezi kumsahau yule mkulima.

Ango mwenyewe hakufaidi sana. François I alikufa 1547, kinga ikaondoka, kesi na madeni vikamwandama, akafa 1551 akiwa amefilisika. Jumba likageuka shamba la kawaida kwa muda mrefu, mpaka 1862 serikali ilipoliweka kwenye orodha ya majengo ya kulindwa.

Ukimaliza, teremka ufukweni. Ile miamba myeupe ya chokaa ina mistari myeusi imepita katikati, ndo gumegume yenyewe ile ya ukutani. Shika, itazame vizuri, halafu irudishe chini, maana kuokota mawe ufukweni kule ni marufuku.