Jinsi ya kuomba wadaawa wapya waongezwe kwenye kesi ya kiwanja, Dar es Salaam

Umemshtaki mtu aliyejenga kwenye kiwanja chako cha Goba. Analeta utetezi wake wa maandishi, unausoma, na kwenye aya ya sita unakuta: "Nilinunua kwa mtu mwingine, na mauziano yalishuhudiwa na Serikali ya Mtaa." Huyo mtu mwingine hayumo kwenye kesi. Hapo ndipo ombi la kuongeza wadaawa, yaani wahusika wa kesi wanaodai au kudaiwa, linapozaliwa, na ni afadhali lizaliwe mapema kuliko kusubiri siku ya hukumu.

Usikimbilie masjala. Kaa na karatasi zako kwanza ujiulize nani anahitajika kweli. Kuna tabia ya kumburuza kila aliyewahi kusaini mkataba: mjumbe wa shina, mwenyekiti wa mtaa, dalali, jirani wa mpakani. Wengi wa hawa ni mashahidi tu. Kipimo ambacho Mahakama ya Rufani imekuwa ikikitumia kina pande mbili: je, una nafuu, yaani amri unayoiomba mahakama ikupe, unayoidai dhidi ya mtu huyo kuhusu mgogoro huuhuu? Na je, bila yeye mahakama inaweza kutoa hukumu inayotekelezeka? Mjumbe aliyeshuhudia mauziano hana ardhi ya kukurudishia. Muuzaji aliyeuza kiwanja kimoja mara mbili ni habari nyingine. Tangu uamuzi ulioripotiwa mwaka 1983, msimamo ni kwamba anayedai ardhi iliyouzwa kwa mtu wa tatu awashtaki muuzaji na mnunuzi pamoja. Ukimwacha mmoja, unaweza kushinda leo na shauri likafutwa kwenye rufaa baada ya miaka sita ya nauli za daladala.

Kwa hiyo fanya upekuzi. Kama kiwanja kina hati miliki, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati: utaona jina la mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna rehani ya benki au zuio. Benki yenye rehani ni vigumu kuiacha nje. Kama ni eneo lisilopimwa, kama sehemu kubwa ya Manzese au Tandale, kusanya leseni ya makazi kama ipo, mikataba ya mauziano na barua za Serikali ya Mtaa, kisha chora mstari: nani alimuuzia nani, mwaka gani. Mstari huo utakusaidia kuliko kifungu chochote cha sheria.

Ukikuta muuzaji amefariki, usiwaandike watoto wake. Anayeshtakiwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa cheo hicho. Kama hajateuliwa, hilo litatuliwe kwanza. Na aliyefariki akiwa tayari ni mdaawa kwenye kesi yako hashughulikiwi kwa njia ninayoieleza hapa. Kuna ombi lake la kumweka mwakilishi, lenye ukomo wake wa muda, na ukizembea kesi inakufa dhidi yake.

Sasa mahali ambapo watu wengi huumia: Serikali. Upekuzi umeonyesha kwamba Manispaa iligawa kiwanja mara mbili, na wewe kwa hasira unataka kumwongeza Mkurugenzi au Kamishna wa Ardhi. Simama. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, halmashauri, wakala na mashirika ya umma nayo yamo, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, asipounganishwa mwenendo wote unaharibika. Tena mashauri hayo hufunguliwa Mahakama Kuu. Maana yake, kama uko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ombi la kuiongeza Manispaa linaondoa kesi mikononi mwa Baraza. Njia salama mara nyingi ni kuomba kuliondoa shauri kwa ruhusa ya kulifungua upya, kutoa notisi, kungoja siku 90, kisha kuanza Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi. Ni mzunguko mrefu, najua. Kujengea nyumba juu ya mchanga ni mrefu zaidi.

Kama unaowataka ni watu binafsi, kazi ni nyepesi. Kifungu ni Amri ya I, Kanuni ya 10(2) ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inayoiruhusu mahakama kuongeza au kuondoa mdaawa katika hatua yoyote ya shauri. Mabaraza ya wilaya yana kanuni zake, ila pale zinapokosa jibu hutumia sheria hiyohiyo. "Hatua yoyote" isikulevye: ombi linaloletwa mashahidi wakiwa wameshatoa ushahidi hupokewa kwa uso mwingine, na huenda ukalipa gharama.

Ombi huandikwa kama hati ya maombi inayoambatana na kiapo. Mahakama ikiona inafaa inaweza kukusikiliza kwa mdomo siku ya kutajwa, na upande wa pili usipopinga jambo linaweza kuisha asubuhi hiyohiyo. Ila usitegemee bahati, nenda na karatasi. Kwenye hati ya maombi andika kichwa cha shauri kama kilivyo, taja kifungu, halafu sema unachotaka bila mbwembwe, mfano: "Mahakama iamuru fulani aunganishwe kama mdaiwa wa pili, na mwombaji aruhusiwe kurekebisha hati ya madai." Sehemu hiyo ya pili husahaulika sana.

Kiapo ndicho hufia mikononi mwa wengi. Kinabeba mambo unayoyajua mwenyewe: lini ulipata habari za huyu mtu, kwa nyaraka ipi, ana uhusiano gani na kiwanja. Lililotoka kwa mwingine, mtaje aliyekuambia. Usiweke hoja za kisheria wala maombi ndani ya kiapo. Mwisho kuwe na uthibitisho, na sehemu ya kula kiapo iwe na mahali, tarehe na jina la Kamishna wa Viapo. Kiapo kisicho na tarehe ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Ambatanisha mkataba, matokeo ya upekuzi na nakala ya ule utetezi uliomtaja. Kiswahili ni lugha ya mahakama tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kwa hiyo asikutoze mtu eti kwa sababu lazima kiandikwe Kiingereza. Ukikwama, mashirika kama LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) hutoa msaada wa kisheria.

Mahakamani uwasilishaji siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki. Utapewa kumbukumbu namba, utalipa kwa simu au benki, na stakabadhi utaitunza. Kisha wapelekee nakala wadaawa wote waliopo na urudi na uthibitisho wa kupokea. Wakileta kiapo kinzani, kisome kabla ya siku ya kusikilizwa. Siku hiyo swali litakuwa moja: kwa nini huyu anahitajika, na kwa nini hukumtaja mwanzo? Jibu kwa ufupi, ukiwa na nyaraka mkononi.

Ombi likikubaliwa, rekebisha hati ya madai ndani ya muda uliopangwa: ongeza jina, na pia aya zinazoeleza huyu mpya amekukosea nini na unadai nini kwake. Apewe samansi na hati iliyorekebishwa, naye atakuwa na siku 21 za kujibu. Angalia pia ukomo wa muda. Madai ya kurudishiwa ardhi yana miaka 12, na kwake yeye kesi haihesabiwi tangu tarehe uliyomshtaki yule wa kwanza bali tangu alipoingizwa.

Likikataliwa, kumbuka amri ndogo isiyomaliza shauri kwa kawaida haikatiwi rufaa papo hapo. Hakikisha ombi na sababu za kukataliwa vimeingia kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, endelea na kesi, na hoja hiyo utaibeba kwenye rufaa ya hukumu.