Namna ya Kutia Neno Lenye Ucheshi na Elimu kwenye Habari ya Sayansi

Kabla ya kusema lolote, soma habari yenyewe hadi mwisho, kwa maana utani uliotokana na kichwa cha habari pekee huchacha upesi. Kisha tafuta jambo moja la hakika ambalo wengi wamelipita, na utani wako uegemee hapo. Chukua mfano wa chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilichopotea kilipofika sayari ya Mirihi tarehe 23 Septemba 1999, kwa kuwa programu moja ya kompyuta ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya paundi ilhali nyingine ilizisoma kama nyutoni, kipimo cha nguvu cha mfumo wa metriki. Ukiandika kwamba mafundi wawili walijenga mlango mmoja, huyu akipima kwa shubiri na yule kwa futikamba, msomaji atacheka na kosa atalielewa papo hapo. Tarehe na vipimo uvihakiki kwanza, na mhandisi asifanywe kichekesho.