Gari imetembea kilomita laki tatu na bado inawaka: uiuze au ubaki nayo?

Jumamosi iliyopita jirani yangu, nesi wa zamu za usiku hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, alileta Toyota Spacio yake akaipaki chini ya mwembe akaniambia kaka, naiuza hii gari. Nikamuuliza dada, kwani ina nini? Akasema haina kitu, inawaka asubuhi mara moja, haijawahi kumlaza njiani, ila dashibodi imefika 318,000 na shemeji yake amemwambia gari ikipita laki tatu ni bomu, uza kabla halijalipuka. Tulikaa pale karibu masaa mawili tukipiga hesabu na kufungua boneti, na yote niliyomwambia naandika hapa manake najua wako wengi wenye swali hilohilo.

Kwanza tuelewane kuhusu hio namba. Odomita inahesabu umbali tu, haihesabu masaa ambayo injini imezunguka na haihesabu shida. Gari inayotoka Tororo alfajiri ikapita Iganga, Jinja na msitu wa Mabira mpaka Kampala imekula kilomita 200 na kidogo, lakini injini imepata moto wake vizuri, giaboksi imekaa gia ya juu muda mrefu, oili imepata joto ikakausha unyevu wote. Alafu kuna gari ya kutoka Ntinda, mtaa wa Kampala, kwenda katikati ya mji kila siku, kilomita saba nane tu lakini ni saa nzima kwenye foleni, breki, klachi, feni inalia, na odomita karibu haisogei. Mimi ukiniwekea ya kwanza ina laki tatu na ya pili ina laki moja na nusu, nachukua ya kwanza na sifikirii mara mbili, ilimradi mwenyewe alikuwa anabadilisha oili kwa wakati.

Na kuna jambo la pili ambalo watu wanasahau, ile gari unayotaka kununua badala ya hii nayo ni mtumba. Hapa Uganda wengi wetu tunanunua gari zilizotumika kutoka Japani, kwa hio unaacha gari ambayo kilomita zake unazijua moja moja unaenda kuchukua ambayo kilomita zake umeambiwa. Mimi hili limenipata. Mwaka 2010 nilikuwa na Toyota Corona ya zamani, ngumu kama jiwe, nikaiona imechakaa rangi nikaiuza haraka, nikaenda bondi moja Kampala, yadi ya kuuzia gari za kutoka nje, nikanunua gari ya kung'aa yenye 78,000 kwenye dashibodi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Baada ya miezi mitatu ilianza kutetemeka ikiwa imesimama, nikaipeleka kwa fundi, na yule kijana alipofungua mlango wa dereva akainama akanionyesha kistika kidogo kwenye fremu karibu na bawaba, kimefifia, kina maandishi ya Kijapani. Ni stika ya kubadilisha oili, wenzetu kule wanabandika ili wakumbuke service inayofuata. Imeandikwa 143,000. Yaani mtu alirudisha odomita lakini akasahau kubandua stika. Nilikaa na ile gari miezi kumi na nne, nikaiuza kwa hasara ambayo mpaka leo sipendi kuitaja, na yule aliyenunua Corona yangu nilikuwa nampita Mbale Road kila wiki anabeba ndizi.

Kwa hio kabla hujaamua chochote, chukua daftari. La kawaida la shule linatosha. Langu linakaa kwenye dashibodi ya Premio yangu, ya 2003, niliinunua 2012 ikiwa na 104,000 na sasa iko 391,000, na ukurasa wa Machi una alama ya kidole gumba cha fundi, ya grisi, juu ya maneno "bushi mbele 2", yaani raba za miguu ya mbele. Andika kila shilingi uliyoitolea gari mwaka mmoja uliopita, kama hukuwa unaandika basi rudi kwenye mobile money na risiti ukumbuke. Ukimaliza, gawa mafungu mawili na hapa ndipo penye siri yote. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo gari yoyote inakula hata ikiwa mpya kabisa: oili na filta, tairi, pedi za breki, bima ya third party, mafuta. Fungu la pili ni vitu ambavyo gari imekula kwa sababu imezeeka: bushi, shoku, radieta, alteneta, paipu zilizopasuka, waya zilizokatika. Fungu la pili peke yake ndilo gharama ya kubaki na gari yako. Watu wengi wanajumlisha yote alafu wanashtuka, eti gari inanimaliza, kumbe robo tatu ya hizo pesa ni tairi na oili ambazo gari mpya nayo ingezitaka.

Nesi wetu, ukiacha mafuta, alikuwa ametumia milioni mbili na laki sita kwa mwaka. Tukatoa tairi nne, service na bima, fungu la uzee likabaki kama milioni 1.45. Spacio yake wanunuzi wamempa milioni 12, anayoitaka ni milioni 33, maana yake anahitaji kuongeza milioni 21. Sasa gawa 21 kwa 1.45. Ni zaidi ya miaka kumi na nne ya kutengeneza. Na kama hizo 21 anaenda kukopa benki kwa asilimia 18 kwa mwaka, kulipa miaka mitatu, kila mwezi analipa kama 760,000, na riba ya mwaka wa kwanza peke yake inafika milioni 3.3. Riba tu! Hapo bado hajamaliza deni na tayari riba imezidi mara mbili pesa ya kutengeneza Spacio. Hesabu hii fanya na namba zako mwenyewe, usichukue zangu, kwa wengine itatoka tofauti kabisa na nitafika huko.

Ila hesabu ni nusu tu. Nusu nyingine ni gari yenyewe ikoje, na hapa usiangalie rangi.

Fanya hivi. Ilaze usiku mzima, asubuhi mtu yeyote asiiwashe kabla yako. Fungua mfuniko wa oili, kama ndani umeganda ute wa rangi ya chai ya maziwa, fuatilia, inaweza kuwa unyevu wa safari fupi fupi au maji yanaingia kwenye oili kupitia gasketi ya hedi. Chomoa dipstiki uangalie kiwango cha oili. Washa, na mtu mwingine asimame nyuma kwenye ekzosi: moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe mzito usioisha na wenye harufu tamu tamu ni coolant, yale maji ya dawa ya kupoza injini, mweusi kwa gari ya petroli ni mafuta yanazidi. Mvuke kidogo wa asubuhi ya baridi si kitu. Sikiliza sekunde tano za kwanza, injini zenye cheni ya kuendesha valvu, kama 1NZ ya Toyota, zikilia kama misumari kwenye kopo kila asubuhi cheni imelegea. Kama yako inatumia mkanda badala ya cheni, kama injini za Toyota 5A, 7A au 3S, jiulize mkanda ulibadilishwa lini, kawaida ni kila kilomita 100,000 hivi, na kama hujui basi hesabu kwamba haujabadilishwa.

Alafu mpe fundi mwenye geji apime compression, yaani presha ambayo kila silinda inabana. Hii ni kazi ya nusu saa na ndio ushahidi mkubwa kuliko maneno ya shemeji yeyote. Injini nzima ya petroli mara nyingi inatoa kati ya 170 na 200 psi (kipimo cha presha), lakini kikubwa ni zifanane, moja ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko zingine, hapo kuna jambo. Spacio ilitoa 178, 175, 180, 176. Kwa kilomita 318,000! Nesi aliangalia ile geji kama anasoma presha ya mgonjwa akasema huyu ruhusa aende nyumbani.

Kama ni otomatiki angalia ATF, oili ya giaboksi, ikiwa imekuwa kahawia na inanuka kuungua, au ukiweka D gari inangoja ngoja ndio inashtuka, giaboksi inaelekea kuchoka na hio ni pesa ndefu.

Chini ya gari usipite haraka. Sisi huku hatuna bahari wala chumvi ya barabarani kwa hio bodi zinadumu sana, lakini gari zilizokuja kutoka sehemu za theluji za Japani zilishakula chumvi kabla hazijafika, kwa hio ipandishe kwenye remp, chukua tochi na bisbisi, gonga chesisi. Kutu ya juu juu ya rangi ya machungwa si neno, ila pale bisbisi inapozama au chuma kinatoka kama maganda, hio gari iuze au iache, usiitengeneze. Injini inabadilishwa, soko la spea la Kisekka kule Kampala utapata ya mtumba na spea zote za Toyota za miaka hiyo (namba mpya ya injini ibadilishwe rasmi kwenye logibuku, kadi ya usajili ya gari, usije kusumbuka baadaye), lakini chesisi iliyooza hakuna anayekurudishia.

Kitu kingine ambacho kinaniuma kweli: termostati. Mafundi wetu wengi gari ikichemka mara moja wanatoa termostati wanatupa, wanajaza maji ya bomba, wanakwambia hapa Afrika haina kazi. Ina kazi! Bila termostati injini haifiki joto lake, inaomba mafuta mengi, oili inabaki na unyevu, injini inajila polepole, na maji matupu yanaweka kutu ndani ya radieta. Kwa hio kabla ya kuihukumu gari kwamba inakunywa mafuta, rudisha termostati, weka coolant ya kweli, badilisha filta ya hewa ambayo vumbi la murramu limeziba, alafu jaza tanki mpaka juu na uandike kilomita, ujaze tena na ugawe. Kuna gari nyingi zimeuzwa kwa bei ya chini kwa sababu ya kifaa kidogo kuliko ngumi ambacho fundi alikitupa mtaroni.

Sasa ni lini uuze? Uza kama chesisi imeoza au iligongwa haikai sawa barabarani. Uza kama injini na giaboksi vyote vinaomba kubadilishwa kwa wakati mmoja. Uza kama fungu la uzee limepanda miaka miwili mfululizo na linakaribia nusu ya bei ya gari. Kama oili inaisha lita nzima kila kilomita elfu moja, anza kujipanga. Na uza kama maisha yamebadilika, watoto wamekuwa watano na gari ina viti vitano, hapo hata compression ya malaika haisaidii.

Na kuna moja haiko kwenye daftari. Jiulize, usiku saa sita mama watoto akipata uchungu, au mtoto akishikwa na degedege, utaichukua hii gari bila kufikiria? Utamwachia mke wako apite nayo Mabira peke yake? Kama moyo unasita, hesabu zangu zote za riba weka pembeni. Gari iliyokulaza mara tatu ndani ya miezi sita sio ya kutegemewa tena hata kama inakula kidogo. Mambo ya usalama pia, gari nyingi za miaka ya 2000, Toyota, Honda, Nissan na zingine, zilitoka na airbag za kampuni ya Takata ambazo joto na unyevu wa miaka mingi unaziharibu mpaka zikifunguka zinaweza kupasuka na kurusha vyuma, kwa hio ingiza namba ya chesisi kwenye ukurasa wa recall (gari zinazoitwa kurekebishwa) wa kampuni iliyotengeneza uone kama yako imo.

Kama umeamua kubaki, tenga kila mwezi kitu kidogo, nesi ameanza na 150,000 kwenye laini ambayo haitumii kwa kazi nyingine, hio ni 1.8 kwa mwaka, inatosha fungu la uzee na inabaki.

Kama umeamua kuuza, usiharakishe kama mimi 2010. Tangu 2018 gari iliyofikisha miaka 15 hairuhusiwi kuingizwa nchini, na ushuru wa mazingira kwa mitumba sio mdogo, kwa hio gari nzima iliyoko hapa tayari ina soko lake hata ikiwa na namba za zamani. Broka ataanza na herufi za pleti zinazoonyesha gari ilisajiliwa zamani kiasi gani, alafu odomita, alafu atapiga teke tairi. Mwonyeshe daftari na karatasi ya compression, kama si mnunuzi wa kweli ataondoka mwenyewe. Na pesa ikishaingia, msiachane mpaka usajili umehamishwa kwa jina lake, manake faini na ajali zitaendelea kumtafuta yule ambaye jina lake liko kwenye mfumo. Mkataba uandikwe, nakala za vitambulisho zishikwe na pande zote, kilomita za siku hio ziandikwe, na tarehe, na saa kabisa. Saa usisahau, gari ikikamatwa na kamera jioni ya siku hiyohiyo hio saa ndio itakuokoa.