Kutu kwenye Land Cruiser mkonga: jinsi ya kufufua bodi ukiwa uani kwako

Kabla hujanunua puti (ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi) wala msasa, chukua ndoo ya maji umpe mtu amwagie paa la gari polepole, we ingia ndani ufunge milango ukae na tochi. Usiseme mi gari yangu haivuji, mwagia tu. Angalia maji yanaingilia wapi na yakishaingia yanaenda kukaa wapi, maana kutu haiji tu, inafuata maji, na ukipaka rangi bila kujua njia ya maji unakuwa umepamba kaburi.

Mi nilijifunza hili kwa hasara. Nina pikapu HZJ75 ya mwaka 1992, ile yenye mashine ya 1HZ, nilimnunulia mzee mmoja aliyekuwa anabebea samaki kutoka Feri. Injini haina neno kabisa, diseli ya 4.2 inawaka kwa mguso mmoja asubuhi, lakini bodi aisee, ukifunga mlango kwa nguvu kunadondoka unga mwekundu chini. Samaki wanalazwa kwenye barafu, barafu inayeyuka, maji yanatoka na chumvi yanapita kwenye maungio ya bodi ya nyuma yanaenda kukaa juu ya chesisi pamoja na tope, na hapo hayakauki hata jua liwake vipi kwa sababu chumvi inavuta unyevu wa hewani. Chumvi yenyewe haitafuni chuma, ila inafanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu kimsingi ni umeme mdogo mdogo unaotembea kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, kwa hiyo kazi ya miaka kumi inafanyika kwa miwili.

Mara ya kwanza niliipeleka gereji moja wakanyoosha siku tatu, ikatoka inang'aa mpaka majirani wakaja kushika. Masika moja tu ikapita, vipele chini ya milango. Nilipokwangua nikakuta puti nene kama kipande cha mkate na nyuma yake wamejaza gazeti, nikakaa pale chini nasoma matokeo ya Simba na Yanga ya mwaka juzi. Ndo nikaamua hii kazi naifanya mwenyewe hapa Kigamboni chini ya mwembe. (Chini ya mwembe ni sawa kwa kukata na kuchomelea, siku ya rangi hamisha gari, utakuja kuona kwa nini.)

Anza mwezi wa 6 masika ikishaisha, ili mpaka mvua za vuli zinaanza mwezi wa 10 uwe umemaliza. Chuma ulichokikwangua kikilala nje usiku mmoja tu na unyevu wa Dar, asubuhi kimeshabadilika rangi, kwa hiyo usivue gari zima kwa mara moja. Fanya kipande kimoja, kikwangue, kitibu, kipige praima (rangi ya kwanza ya kulinda chuma) siku hiyo hiyo, ndo uende kingine.

Bodi ya nyuma ya mzigo ishushe. Imeshikwa na bolti kwenye chesisi, na nyingi zitakuwa zimegandana, mwagia mafuta ya kulainishia jioni urudi kesho, zikikataa kata na grainda usipoteze muda, bolti mpya Kariakoo zimejaa. Vijana wanne wanatosha kuinyanyua. Utashangaa kilichopo chini yake, mi nilitoa tope karibu karai mbili na magamba ya samaki yapo mpaka leo hayajaoza. Halafu toa viti, kapeti na ule mkeka mzito wa chini, maana sakafu ya kabini ndo inaoza kimya kimya. Sehemu nyingine za kushuku ni mfereji wa mvua unaozunguka paa, pembe za chini za kioo cha mbele ndani ya raba, chini kabisa ya milango, kona za nyuma za kabini, na pale bodi inapokalia raba za chesisi.

Sasa osha, na hapa naomba unielewe vizuri. Usioshe kwa maji ya kisima bila kuyaonja. Visima vingi vya huku Kigamboni na maeneo mengi ya pwani yana chumvi, sisi tumeshazoea tunaogea tu, ila ukioshea chuma ambacho umeshakikwangua unarudisha kile kile ulichokuwa unakitoa. Mi nilifanya hivyo mlango wa kulia, nikapaka praima safi kabisa, baada ya wiki kadhaa praima ikaanza kutoka vipele vidogo kama vya joto kwa mtoto. Nikarudia mlango mzima. Tumia maji ya bomba au maji ya mvua uliyokinga.

Ikikauka chukua bisibisi na nyundo ndogo, gonga na uchokonoe kila mahali unapopashuku. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa, na bisibisi ikizama usiumie roho, bora izame sasa. Chora na chaki. Kutu ya juu juu, ile nyekundu inayotoka kwa kidole, diski ya waya inaimaliza. Iliyochimba vishimo ni nyingine kabisa, grainda itang'arisha juu lakini kwenye vile vishimo utaona madoa meusi yamebaki, na hayo meusi ndo mbegu. Hapo unahitaji dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, inageuza kutu kuwa tabaka gumu la fosfeti, paka kwa brashi, fuata maelezo ya kopo kuhusu muda na kama inasuuzwa au la. Mtu atakwambia tumia maji ya betri au ile asidi ya kusafishia choo, ni kweli zinakula kutu haraka sana, ila ya choo inaacha kloridi kwenye chuma, yaani ni ndugu wa ile ile chumvi, na maji ya betri yakibaki kwenye maungio yanaendelea kula wewe ukiwa umelala.

Iliyotoboka haina dawa, inakatwa. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima halafu ongeza sentimita mbili tatu, chora kiraka kwenye boksi la katoni kwanza, ukipata umbo ndo uhamishie kwenye bati. Mi nilikuwa na vipande vya bati vilivyobaki kwenye kuezeka, nikaenda navyo kwa mafundi bati wa mtaa wa Gerezani nikunjiwe kona. Nikamsalimia mzee wa pale, shikamoo mzee, akaitikia marahaba huku anapindapinda lile bati kwa vidole kama karatasi. "Mwanangu, hili ni la banda la kuku. Gari ukigonga jiwe si litakunjika lote?" Akanipa geji 20, ile ya karibu milimita 0.9, ndo inayokaribiana na bodi yenyewe. Bati la nyumba la geji 28 ni nusu yake tu, na isitoshe limepakwa zinki, ukilichomelea moshi wake mweupe unakupa homa usiku, unatetemeka kama una malaria. Na ile habari ya mafundi kunywa maziwa haisaidii kitu, moshi unaingia kwenye mapafu sio tumboni, dawa ni kukaa upande upepo unakotoka na kuvaa maski.

Kabla ya kuchomelea toa waya zote mbili za betri, la sivyo unaweza kuunguza dayodi za altaneta. Angalia mabomba ya breki na ya mafuta yanapita wapi, tangi kama liko karibu lishushe, na usije ukachomelea tangi lenyewe hata kama lina miezi limekaa tupu, mvuke unabaki na unalipuka. Weka ndoo ya maji na tambara bichi karibu, sakafuni kwangu mabaki ya lile zulia la zamani yalishika moto mara mbili. Kama una mashine ya waya wa milimita 0.6 au 0.8 umebarikiwa, kama una hii ya kawaida ya rodi basi tafuta rodi nyembamba za 1.6 au 2.0 na ushushe ampea mpaka kama 40 hivi, jaribu kwenye vipande kwanza. Usivute mstari mrefu! Piga nukta moja huku, nenda piga nyingine upande wa pili, subiri ipoe mpaka uiguse kwa mkono, rudi katikati. Ukiwa na haraka bati linajikunja kama chapati na hakuna nyundo itakayolinyoosha tena. Mi kiraka cha sakafu ukubwa wa sahani kilinichukua jioni nzima, na katikati umeme wa LUKU ukaisha.

Saga nundu, piga praima ya epoksi, halafu maungio yote yazibe na silanti ya magari ndani na nje. Silikoni ya madirishani usiitumie, rangi haishiki juu yake. Puti inakuja hapa, mwishoni, na kazi yake ni kusawazisha mabonde madogo yasiyozidi milimita 3, haizibi tundu kwa sababu inanyonya maji kama sponji. Hadina, ile dawa ya kuigandisha, weka kidogo, asilimia 2 inatosha na kwa joto letu changanya kiasi cha ngumi moja tu, ukichanganya kopo zima itagandia kwenye kibao umeshika tu unaiangalia. Msasa anza na 80, 180, malizia 320 ukizungushia kwenye kibao, ukitumia vidole utatengeneza mawimbi utakayoyaona siku ya rangi.

Rangi sitaki kurefusha. Kama huna maski yenye hewa ya bomba, achana na rangi za kuchanganya na hadina kwa kupuliza, nyingi zina kemikali ya isosayaneti na hiyo ikishakuharibu mapafu hayarudi, tumia rangi ya kopo moja, gari ya kazi haihitaji kioo. Piga asubuhi umande ukishakauka, kama saa tatu mpaka saa tano, kabla upepo wa bahari haujaanza kuleta mchanga. Siku yenye mawingu mazito acha, tina, ile ya kuzimulia rangi, ikikauka haraka kwenye unyevu rangi inageuka nyeupe kama maziwa. Na toka chini ya mwembe, utomvu na ndege. Ukibadilisha rangi kumbuka imeandikwa kwenye kadi ya gari, kairekebishe TRA.

Ndani ya milango na kwenye mashimo ya chesisi puliza nta ya magari, sio oili chafu. Najua wengi tunapaka oili chafu na inasaidia kidogo, ila inalainisha raba mpaka zinavimba, na inadondokea ardhini pale pale palipo na kisima chako.

Halafu yale matundu madogo chini ya milango na kwenye sakafu, ambayo fundi wa kwanza aliyaziba yote kwa puti akidhani ni kutu, yazibue. Ni njia ya maji kutokea. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha toka nje na waya wa baiskeli, chokonoa tundu moja moja mpaka uone maji yanadondoka kila mlango, wangu wa kushoto ulitoa gamba la samaki.