Namna ya Kuandika Daftari la Tafakari kwa Mwanafunzi wa Bweni

Mwanafunzi wa sekondari ya bweni huishi siku ndefu iliyopangwa na watu wengine, tangu kengele ya alfajiri hadi taa za bweni zinapozimwa. Kuna usafi wa mazingira, mstarini, vipindi, foleni ya bwalo, michezo, sala na prepo (kipindi cha jioni cha kujisomea), na katikati ya hayo yote ni nadra kupata robo saa ya kujiuliza: leo nimetendewa nini, nimetenda nini, na nimesimamaje mbele ya Mungu ninayemwomba asubuhi na jioni? Daftari la tafakari ni mahali pa kujibu maswali hayo kwa maandishi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa muda mrefu nimewahimiza wanafunzi wangu waandike madaftari ya namna hii. Baadhi yao hunionyesha kurasa kwa hiari yao, na karibu zote huzungumzia maisha ya shule, walimu na imani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuliandika daftari hilo likufae, na kanuni ninayoisisitiza kuliko nyingine zote ni hii: andika kwanza ulichokiona na kukisikia, ndipo uandike unavyokihukumu.

Vifaa havina gharama kubwa. Kauntabuku moja na kalamu vinatosha. Usitumie kurasa za nyuma za daftari la somo, kwa sababu madaftari ya masomo hukusanywa ili yasahihishwe na huazimwa kila mara mtu anapokosa notsi. Liweke ndani ya sanduku lako lenye kufuli, na jina lako liandike upande wa ndani wa jalada. Andika kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani ikiwa ndiyo unayoiwazia; huku sekondari vipindi karibu vyote hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayetafakari kwa lugha ambayo bado anajifunza huishia kuandika yale anayoyaweza kuyasema, si yale anayoyafikiri.

Kuhusu wakati, wengi hujaribu kuandika wakiwa tayari kitandani, nao husinzia kabla ya mstari wa tatu. Robo saa ya mwisho ya prepo ni bora zaidi, kwa kuwa una meza, una taa na kuna ukimya. Mistari kumi inatosha kwa siku ya kawaida. Siku isiyokuwa na tukio, chagua jambo dogo moja ulilolitazama vizuri, kwa mfano nani alimpisha nani kwenye foleni ya uji, au mgeni wa kidato cha kwanza alivyotandika kitanda chake kwa mara ya kwanza bila mama yake, kisha uliandike hilo peke yake. Usijaribu kueleza siku nzima. Anayeeleza siku nzima huandika ratiba, na ratiba tayari imebandikwa ukutani.

Sasa nionyeshe kanuni yenyewe inavyofanya kazi. Huu ni mfano wa ukurasa wa aina ninayokutana nayo mara nyingi: “Leo siku ilikuwa mbaya. Mwalimu wa Hisabati ananichukia. Sijui kwa nini Mungu ananiacha niteseke.” Maumivu yaliyomo ni ya kweli, lakini ukurasa huo hauwezi kumsaidia mwandishi wake, kwa sababu hakuna ndani yake jambo lolote linaloweza kutazamwa upya kesho. Tuseme mwanafunzi huyohuyo angeandika hivi:

“Jumanne, kipindi cha tatu, Hisabati. Mwalimu aliingia na madaftari yetu mkononi, hakusalimia. Aliita majina ya watu sita ambao hawakumaliza zoezi la wikiendi, na langu lilikuwa la nne. Nilisema nilikuwa naumwa. Akasema, ‘Siku ya kukusanya kila mtu anaumwa,’ darasa zima likacheka. Nilikaa kabla ya kuambiwa nikae. Ni kweli kwamba Jumapili nilikuwa na homa, lakini Jumatatu jioni nilikuwa mzima na nilikaa nje ya bweni tukipiga soga mpaka kengele ya prepo. Hilo sikulisema. Nadhani nilichoumia zaidi ni kicheko cha wenzangu kuliko maneno ya mwalimu.”

Ukurasa wa pili haujamtetea mwalimu, ambaye kwa kweli alimwaibisha mwanafunzi mbele ya darasa, wala haujambebesha mwanafunzi lawama zote. Umeyaweka mambo mezani. Sentensi ya mwisho isingepatikana kama asingeanza kwa kuandika jina la nne, kicheko na soga za Jumatatu, na sasa mwandishi anajua kwamba ana jambo la kuzungumza na wenzake, na jambo jingine, dogo zaidi, la kwenda kumwambia mwalimu ofisini.

Unapoandika juu ya mwalimu yeyote, jiulize alisema nini hasa, kwa maneno yake mwenyewe. Kabla ya hapo kulitokea nini. Na ni kitu gani usichokijua juu ya siku yake. Swali hili la mwisho wanafunzi hulipuuza sana. Mwalimu wa zamu huamka kabla ya kengele yenu na hulala baada ya kuhakikisha mabweni yamefungwa, na siku hiyohiyo ana vipindi vyake vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha. Kujua hivyo hakuligeuzi kosa lake kuwa haki, lakini humfanya aonekane katika daftari lako kama mtu mzima mwenye mwili na uchovu. Vivyo hivyo na sifa: usiandike kwamba mwalimu fulani “ni mzuri”, andika kwamba alipoona nyuso zetu zimepotea alifuta ubao wote, akaanza upya kwa mfano wa muuza machungwa wa getini, na kwamba kengele ilipolia hakuna aliyesimama. Miaka kumi baadaye neno “mzuri” halitakukumbusha chochote, ila machungwa yatakukumbusha.

Dini zetu zina mafundisho makali kuhusu jambo hili, nami nayachukulia kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Aya ya 12 ya sura ya 49 ya Qurani, Al-Hujurat, inawakataza waumini dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Sura ya tatu ya Waraka wa Yakobo inauonya ulimi, kiungo kidogo kinachoweza kuwasha moto mkubwa. Kwa hiyo andika juu ya mwalimu au mwenzako yale ambayo ungeweza, kwa adabu, kuyasema akiwa amekaa mbele yako. Siri aliyokuambia rafiki si mali yako ya kuandika. Na kwa kuwa kupelelezana kumekatazwa pamoja na kusengenyana katika aya hiyohiyo, daftari la mwenzako ukilikuta wazi juu ya kitanda, lifunge bila kulisoma.

Liko jambo moja ambalo halihusiani kabisa na kusengenya, na ningependa kila mwanafunzi alielewe vizuri. Ikiwa mwalimu, mfanyakazi wa shule, kiranja au mtu mwingine yeyote amekupiga na kukuumiza, amekutaka kimapenzi, amekugusa isivyofaa au amekutishia, kuliandika ni haki yako na kunyamaza si uchamungu. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na walioshuhudia, siku hiyohiyo kumbukumbu ikiwa bado safi. Ujue pia kwamba kwa kanuni za Tanzania adhabu ya viboko hutolewa na mkuu wa shule, au na mwalimu aliyeidhinishwa na mkuu kwa maandishi, viboko havipaswi kuzidi vinne, na adhabu hiyo lazima iandikwe katika kitabu maalumu cha adhabu. Kinachofanyika nje ya hapo ni uvunjaji wa kanuni. Baada ya kuandika, usiliache jambo hilo sandukuni. Mwambie matroni au patroni, mwalimu wa ushauri na unasihi, mzazi anapokuja kukutembelea, au kiongozi wa dini unayemwamini, na ikiwa wa kwanza hakukusikiliza nenda kwa wa pili. Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bure, na mzazi au ndugu anaweza kuipiga kwa niaba yako ikiwa shuleni huruhusiwi kuwa na simu.

Nije kwenye imani, sehemu ambayo wanafunzi wengi huiandika vibaya kwa sababu ya heshima. Wanapofika hapo huacha kusema na kuanza kuhubiri: “Tumche Mungu, tusali sana, tuache dhambi.” Hayo ni maneno ya mimbari, na aliyeyaandika hayumo ndani yake. Mapokeo yenyewe ya dini yanadai zaidi ya hapo. Waislamu wana muhasaba, yaani mja kujihesabu mwenyewe, na kauli inayonasibishwa na Khalifa Umar bin Khattab inawataka watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa. Kwa upande wa Wakatoliki, Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Yesu katika karne ya 16, aliacha utaratibu wa kuitazama dhamiri kila siku: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuazimia mabadiliko. Utaona kwamba njia zote mbili zinamtaka mtu ayatazame matendo yake mwenyewe, na ndivyo daftari linavyotaka pia. Anza na shukrani kwa kitu kimoja chenye jina, kisha andika uliomba nini, ulifanya nini na kilichotokea.

Mwanafunzi aliyeomba usiku kucha kabla ya mtihani wa moko, yaani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, kisha akafeli ana swali zito, na lisipoandikwa hugeuka chuki ya kimyakimya dhidi ya sala au dhidi yake mwenyewe. Liandike kama swali, pamoja na tarehe. Andika pia ni mada zipi ulizisoma na zipi uliziruka, kwa kuwa swali hilo lina pande mbili na zote mbili ni za haki. Sidhani kwamba shaka iliyoandikwa kwa uaminifu huiharibu imani ya kijana. Nimeona kinyume chake, kwamba anayeiandika hupata ujasiri wa kuipeleka kwa ustadhi, padri au mchungaji, ilhali anayeificha huacha kuhudhuria na hakuna anayejua sababu.

Kama unashiriki katika umoja wa wanafunzi wa dini yako, uwe UKWATA au TYCS wa Wakristo, TAMSYA wa Waislamu au mwingine, yako mengi ya kutafakari huko, kwa sababu ndiko wengi wanakoongoza sala au kusimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Lakini usiiache imani ikae kwenye kurasa za Ijumaa na Jumapili tu. Mara nyingi hujidhihirisha Jumatano mchana, pale mwenzako anapoomba umwonyeshe jibu la jaribio, au anapokosa sabuni nawe unayo.

Andika pia namna mnavyoishi na wenzenu wa dini nyingine, jambo ambalo mabweni yetu yamejaaliwa na ambalo huzoeleka kiasi cha kutoonekana. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ilianza wiki hiyohiyo, hivyo Kwaresma na mfungo wa Waislamu vilikwenda pamoja kwa mwezi mzima. Hali hiyo haitokei kila mwaka: mwaka wa Hijria hufuata mwezi na ni mfupi kwa takribani siku 11 kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, wakati Pasaka, ingawa nayo hukadiriwa kwa mwezi mpevu, haitoki nje ya Machi na Aprili. Majira kama hayo yakikukuta bwenini, angalia nani aliamka kwa tochi kumwamsha mwenzake wa dini nyingine ale daku, nani alipaza sauti akilalamikia milio ya sahani, na wewe ulikuwa upi kati yao.

Kila Jumapili jioni soma kurasa za juma lililopita. Usifute chochote. Pale ambapo maoni yako yamebadilika, andika pembeni tarehe na sentensi moja ya sababu, maana mabadiliko hayo ndiyo tafakari yenyewe ikionekana kwa macho. Muhula unapofungwa, chagua ukurasa mmoja unaostahili kutoka daftarini na kuwa mazungumzo: shukrani kwa mwalimu, radhi kwa rafiki, au swali kwa mzazi. Aliye kidato cha nne apunguze maandishi yake hadi mistari mitatu kwa siku kuanzia Oktoba, kwa kuwa mtihani wa taifa hufanyika Novemba na prepo zina kazi nyingine, ila asiache kabisa, kwani miezi hiyo ya hofu ndiyo ambayo baadaye atatamani kuisoma. Kabla ya kuondoka shuleni, zipitie kurasa zote mara moja, na yoyote iliyobeba aibu ya mtu mwingine bila sababu ya haki, ichane na kuichoma kwa mkono wako. Zilizobaki zipeleke nyumbani.