Shahidi asiyesikia: jinsi ya kupiga filamu fupi ya taharuki mwaloni Kigoma

Kabla hujaandika tukio hata moja, jiulize: shahidi wako anakwama wapi hasa? Kusema "ni kiziwi", "ni mtoto" au "ni kikongwe" hakutoshi. Hiyo ni hali yake tu, na hali peke yake huzaa huruma. Taharuki huanza pale mtazamaji anapouona mlango mmoja uliofungwa, akajua nani ameufunga, huku shahidi mwenyewe bado anaubisha.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Msichana kiziwi wa miaka 19 anaanika dagaa Kibirizi, mwalo (mahali pa kutia boti za uvuvi) wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Usiku mmoja anaona mtu akiuawa kando ya boti. Filamu ni ya dakika 12, yaani skripti ya kurasa 12 hivi, na inapigwa na watu sita nyuma ya kamera kwa usiku wanne na mchana mmoja.

Mlango uliofungwa

Msichana huyu anaona vizuri, anakumbuka, ana mbio na anaijua pwani kuliko askari yeyote. Kinachomkwamisha ni kueleweka. Hakupata shule ya viziwi, kwa hiyo hatumii Lugha ya Alama ya Tanzania. Anatumia alama za nyumbani ambazo watu wawili tu wanazielewa: mama yake, ambaye amesafiri kwenda Kasulu, na mjomba wake. Boti ni ya mjomba. Muuaji ni nahodha wa mjomba.

Kituoni anaitwa mjomba aje kutafsiri. Msichana anaeleza kila kitu kwa mikono, na mjomba anamgeukia askari: "Anasema alikuwa amelala, afande."

Andika tukio hilo kwanza, kabla ya mauaji. Ndilo moyo wa filamu, na kila shoti inayotangulia ina kazi moja tu: kumfundisha mtazamaji alama tatu au nne, ili kituoni aelewe kilichosemwa bila maandishi chini ya picha. Alama ya boti, alama ya nahodha (labda kugusa nyusi, mahali penye kovu lake), alama ya kuzama. Kila moja ionekane angalau mara mbili mapema, katika mambo ya kawaida: anamtania mama yake, anaagiza chumvi. Ukiionyesha mara moja tu, nusu ya watazamaji hawataikumbuka, na tukio la kituoni litaanguka.

Usimwite "bubu" popote, isipokuwa mhusika mbaya ndiye anayesema. Viziwi hawalipendi neno hilo, na ukumbi wenye kiziwi hata mmoja utajua kama umefanya kazi yako.

Sheria nayo uiheshimu, maana watazamaji wanaijua kuliko waandishi wengi wanavyodhani. Sheria ya ushahidi ya Tanzania inamruhusu shahidi asiyeweza kusema kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa alama mbele ya mahakama. Tangu 2015 ipo pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kwa hiyo usitunge hadithi ambayo dola nzima inamkataa kwa kuwa ni kiziwi. Sheria iko upande wake, ila mtu aliyekaa katikati anaidanganya, na askari anayeandika maelezo hana njia ya kujua. Hofu ya namna hiyo inaaminika zaidi. Pia inamwacha askari awe mtu mwema anayekosea.

Majibu manne

Tangu 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu sana, usiotegemewa mpaka kila uwezekano wa kukosea uondolewe. Inataka kujua shahidi alikuwa umbali gani, alimtazama mtu huyo kwa muda gani, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Mwandishi wa skripti asipokuwa na majibu hayo, mpiga picha ataweka taa popote na mwigizaji atatazama popote.

Kwa mfano wetu: mita 12, sekunde 20, taa moja ya sola iliyosahauliwa kwenye ukingo wa boti, na mtu anayefahamika. Andika majibu hayo manne juu ya ukurasa wa kwanza, kisha yatii. Katika mita 12 damu haionekani, kwa hiyo usihangaike kuitengeneza. Kwa sekunde 20 hakuna nafasi ya hotuba ya muuaji. Taa ikiwa moja, uso unaonekana pale tu anapoinama kwenye mwanga, na kuinama huko ndiko shoti muhimu kuliko zote usiku huo.

Ukiongeza gwaride la utambuzi, mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umbo na umri. Gwaride la watu wanne mtazamaji atalicheka. Kwa hadithi hii, hata hivyo, tunashauri uliache: gwaride ni la kumtambua mgeni, na huyu si mgeni.

Soma mwezi kabla ya ratiba

Kosa linalowagharimu wengi Kigoma ni kupanga tarehe kwa kufuata nafasi za watu badala ya mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa huvuta dagaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wengi hubaki nchi kavu. Basi usiku wa giza utapata ziwa lililojaa taa kama mji mwingine ng'ambo, wanaume wakiwa majini na mwalo ukiwa karibu mtupu. Hiyo ndiyo mandhari ya mauaji yetu, na hukuilipia hata senti. Pia inajibu swali la mtazamaji: kwa nini hakuna mwingine aliyeona?

Usiku wa mbalamwezi upigie matukio ya baadaye, muuaji anapomtafuta. Mwalo una watu, nyavu zinashonwa, kila mtu anaonekana, na yeye hawezi kumwambia yeyote. Mwanga hapo haumwokoi.

Angalia na msimu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukienda wakati uvuvi umefungwa hutapata taa ziwani wala dagaa wa kuanika. Miezi hiyohiyo upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi huharibu sauti. Mvua huanza kama Oktoba. Ulizia tarehe za kufunga kwa viongozi wa mwalo, kisha weka usiku watatu wa giza mfululizo kwa mauaji, mmoja wa mbalamwezi, na wa tano wa akiba.

Kupiga giza bila kupoteza picha

Giza la filamu si giza la kweli. Ukipiga saa nne usiku kwa simu au kamera ndogo, utapata punje zinazochemka na nyuso za matope. Piga shoti pana zote jioni. Kigoma jua huzama karibu saa moja, na mwezi wa Februari huchelewa hadi kama saa moja na dakika 25. Ni dakika 40 hivi baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo ratiba uliyoizoea huko usiilete kama ilivyo. Baada ya jua kuzama unapata dakika 20 hivi za mwanga wa bluu. Ndani yake boti, mtu na mstari wa maji huonekana wazi, na taa ya sola inang'aa kama usiku wa manane. Dakika 20 zinatosha shoti tatu, nne mkikimbia. Ndiyo maana tukio la mauaji linagawanywa jioni tatu.

Mwalo unatazama magharibi, ng'ambo ni Kongo. Kamera ikigeukia ziwa, watu wanakuwa vivuli vyeusi. Ikigeukia nchi kavu, wanapata mwanga laini usoni. Muuaji mpige upande wa ziwa, msichana upande wa nchi kavu. Mtazamaji atawatofautisha mara moja bila kuambiwa.

Shoti za karibu ndizo uzipige usiku wenyewe, taa ikiwa mita 1 au 2 kutoka usoni. Mipangilio: fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na ukipiga kwa fremu 30 na shata 1/60 taa za dukani nyuma zitapepesa. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, isizidi 1600 kwa kamera ndogo; kwa simu, anza na 800. Funga mwangaza na rangi kwa mkono. Ukiiachia simu ijiamulie, taa inapoingia kwenye fremu picha nzima itazama gizani kisha irudi, na mtazamaji atakumbuka kwamba anatazama simu. Jaribu kila taa ya sola kwa kuirekodi sekunde 10. Nyingine zina kifaa ndani kinachozifanya zipepese kwenye kamera ingawa jicho halioni. Beba tatu.

Lenzi ifutwe kila baada ya shoti mbili. Unyevu wa ziwa hutengeneza duara la ukungu kuizunguka taa, na hulioni mpaka ufike kwenye kompyuta.

Ramani kwenye mchanga

Kabla ya kuwasha kamera, chora mwalo mchangani: boti, taa, chanja za dagaa alikojificha msichana, njia ya kupanda barabarani. Weka jiwe kwa kila mhusika. Chora mstari kutoka kwa msichana hadi kwa muuaji, na kamera isiuvuke usiku wote ule. Ukiuvuka, muuaji aliyekuwa anatembea kulia ataonekana anatembea kushoto, na hofu itageuka kuwa kuchanganyikiwa. Watazamaji wengi wanaosema filamu "haitishi" hawajui tu mtu alikuwa wapi.

Shoti ya kwanza ya tukio ioneshe vitu vyote vinne pamoja, kwa sekunde 8 kamili. Waongozaji huogopa urefu huo. Usiuogope. Sekunde hizo nane ndizo zitakazokuruhusu baadaye kuonyesha mguu mmoja ukikanyaga dagaa wakavu, na ukumbi mzima ukajua muuaji yuko hatua tano nyuma ya msichana asiyesikia.

Sauti ya mtu asiyesikia

Hapa ndipo filamu ya namna hii inapopata utajiri wake. Kuna masikio mawili: la mwalo na la msichana. La mwalo lina mawimbi, injini, kunguru, redio. Tukiingia kwake, yote yanaondoka. Lakini usiweke ukimya mtupu. Kwenye kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video mtaani, watu watageuka kutazama spika. Acha mvumo hafifu sana, na uvute sauti ya nje kwa sekunde 1 au 2 badala ya kuikata ghafla. Ukataji wa ghafla uutumie mara moja tu, wakati wa mauaji.

Mvumo huo usiwe mzito kupita kiasi. Spika za simu hazitoi sauti za chini ya mizunguko 150 hivi kwa sekunde, na wengi watatazama kwa simu. Mvumo wa mizunguko 60 uliokutikisa kwenye spika kubwa, kwao haupo. Uweke kati ya 200 na 300.

Kiziwi huhisi mtikisiko. Injini ikiwashwa, ubao wa boti unatetemeka. Piga mkono wake juu ya ubao kwa karibu kabisa, na hapo mtazamaji asikie injini kwa mbali, kama kupitia ukuta. Baadaye, mkono uleule ukitua kwenye ubao wa boti inayodhaniwa tupu nao ukatetemeka, huhitaji muziki.

Rekodi sekunde 60 za sauti tupu ya kila mahali, bila mtu kusema. Maiki ya kifuani ifunikwe manyoya ya kuzuia upepo. Jenereta iwekwe mita 50 nyuma ya ukuta.

Mwigizaji

Mtafute mwigizaji ambaye ni kiziwi kweli. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kuanzia. Anayesikia hugeuza kichwa kidogo mlango unapobamizwa, hata akijizuia, na kamera haimsamehi. Mlipe mkalimani kwa siku zote, mazoezi yakiwemo. Amri zenu ziwe za tochi: kuwaka mara moja ni kuanza, mara mbili ni kusimama. Tochi ishikwe na mtu aliye ndani ya macho yake, si nyuma yake.

Usimshtue ili upate hofu ya kweli. Yeye hana onyo la nyayo kama wewe, na ukimvamia mara moja hatakuamini tena usiku ule. Mwonyeshe kila hatua ya muuaji mchana, mkahesabu pamoja: hatua ya nne, mkono, hatua ya sita, geuka.

Vibali

Kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania kipatikane kabla ya kupiga, na filamu ikaguliwe kabla ya kuoneshwa. Mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa mwalo wapate barua mapema. Kituo cha polisi kijue tarehe na saa, kwa sababu kelele za mauaji usiku huleta watu wenye marungu. Sare za polisi zinahitaji ruhusa yao. Bandari na stesheni ya reli zina taratibu zao, kwa hiyo epuka kuziingiza kwenye fremu. Kila anayepanda boti avae jaketi la kuokolea, hata kama limefichwa ndani ya koti la mhusika.

Kwenye meza ya uhariri

Weka tukio la kituoni kwanza, lihariri mpaka likae, kisha jenga yaliyotangulia. Mjomba anapotafsiri, usimtazame yeye. Kaa na uso wa msichana anayesoma uso wa askari, akiona kwamba alichosema si hicho kilichofika. Shoti hiyo ivumilie sekunde 10.

Kisha waite watu watano wasioijua hadithi, uwaonyeshe kwa simu. Mwisho, wape karatasi wachore mwalo: boti, taa, msichana, muuaji. Tatu zikiwa na taa mahali pasipo pake, rudi kwenye ile shoti ya sekunde 8. Kisha waulize alama ya kuzama ni ipi. Wasipoweza kuionyesha kwa mikono, kuna tukio la mchana linalokosekana, na mwalo wa mchana bado upo, nenda kalipige.