Somo: Wilo au chifchafu?

Wadau wa darubini, hamjambo. Wilo na chifchafu ni ndege wadogo wahamaji wanaofanana sana. Wiki hii nimeletewa picha tatu kutoka kwenye migunga ya Ziwa Nakuru, zote zimeandikwa "chifchafu". Zote ni wilo. Msione haya: huko Uingereza kwenyewe watu waliwachanganya mpaka karne ya 18, mwanaasili Gilbert White alipowatenganisha kwa kusikiliza sauti zao.

Wilo ni Phylloscopus trochilus, chifchafu ni Phylloscopus collybita.

Hatua ya 1: kalenda. Wilo huja kwetu kwa wingi kuanzia Septemba au Oktoba, hurudi kwao kufikia Aprili. Chifchafu wengi huishia Mediterania, Saheli na Ethiopia. Anayefika Kenya ni wa bahati. Basi mhesabu kila mmoja kuwa wilo mpaka akukatalie.

Hatua ya 2: bawa. Hapa usiwe na pupa. Ngoja atue, akupe ubavu. Bawa likikunjwa, manyoya ya ndani huyafunika yale marefu ya kurukia, ila ncha huchomoza kuelekea mkiani. Ncha ya wilo ni ndefu, hukaribia urefu wa manyoya yanayoifunika. Ya chifchafu ni fupi, kama nusu tu. Ni mambo ya safari hayo: wako wilo wanaotoka mashariki ya Siberia hadi Afrika, zaidi ya kilomita 10,000, na mwili wenyewe ni gramu 10 hivi! Piga picha nyingi mfululizo, upime ukiwa nyumbani.

Hatua ya 3: mkia. Chifchafu akitafuta wadudu huuchovya chini kila mara. Wilo huutikisa mara mojamoja.

Hatua ya 4: uso na miguu. Nyusi ya wilo, yaani mstari ulio juu ya jicho, imekolea; ya chifchafu imefifia, duara jeupe la jicho ndilo linaloonekana. Kuhusu miguu, wanafunzi wangu hukariri "chifchafu, miguu michafu", kwa kuwa yake ni myeusi na ya wilo hudhurungi hafifu.

Hatua ya 5: wimbo. Chifchafu hurudiarudia noti mbili. Wilo hushuka ngazi taratibu, na Machi utamsikia hapahapa kabla hajaondoka.

MASWALI

Wa Dunga, Kisumu: Mwalimu, wangu ana miguu myeusi kabisa. Si ndiye chifchafu?
Jibu: Bado. Wako wilo wenye miguu myeusi, na kivuli nacho hudanganya. Rudi hatua ya 2.

Wa Kakamega: Mimi nimemwona mmoja wao Julai, juu kabisa mitini, kijani mgongoni, nyusi nyeupe.
Jibu: Julai wageni wako Ulaya na Asia. Nadhani huyo ni mwenyeji wa msitu, Phylloscopus budongoensis, aliyepewa jina la msitu wa Budongo, Uganda.

Wa Njoro: Mkia ulichovya, miguu ilikuwa myeusi, lakini bawa sikuliona. Niandikeje?
Jibu: Andika "Phylloscopus" na alama ya kuuliza. Kesho alfajiri rudi mti uleule, na simu iwe inarekodi.